Huruma Yangu Alete Chai

Tangazo lilikuja kwenye simu siku ya Jumapili, katika lile kundi la Waswahili wa Minnesota ambalo nililizima sauti zamani kwa kuchoshwa na kelele zake za siasa. Hemed Salim wa Maskati anasikitika kutangaza kifo cha ahali yake, Mama Ilham, kilichotokea baada ya kuugua kwa muda mrefu. Mazishi yameshafanyika huko huko. Ndugu na jamaa popote walipo wapate habari hizi. Nilisoma mkono mmoja ukiwa na mwiko. Nikaandika, "Poleni sana wafiwa, Mungu awape subira," nikaongeza na vile viganja viwili vilivyokutana, kisha nikarudi kwenye maharage yangu yasije yakashika chini. Watu wanakufa, na mtu wa umri wangu akisimama kwa kila tangazo hatapika. Hemed Salim wa Maskati sikumjua. Mama Ilham sikumjua.

Siku chache baadaye akanipigia Bi Saumu, mama wa Kitanga ambaye yupo Columbia Heights tangu enzi za ujana wetu na ambaye anajua nani kazaa, nani kaachwa na nani kahamia Texas. Sauti yake ilikuwa ya lawama. Akauliza kulikoni sikuonekana kwenye hitima, wakati hata watu wasiomjua marehemu walikuja wakala pilau. Nikamuuliza hitima ya nani. "Ya Zuhura, Wakesho. Zuhura wako." Nikamwambia hakuna aliyetangaza kifo cha Zuhura. "Kimetangazwa," akasema. "Si uliandika pole wewe mwenyewe? Nimeona." Nilikuwa nimeshika shuka nataka kulikunja, nikakaa nalo kitandani. Nililia, lakini nitasema ukweli: machozi ya kwanza yalikuwa ya hasira. Huyo Hemed Salim ndiye mtu tuliyemwita Injinia mwaka mzima, mpaka jina la karatasi likanitoka. Na Zuhura nilikuwa nimemtumia pole bila kumjua, kwa kuwa jina lake halikuwemo.

Mwaka ninaousema ni mmoja tu, katikati ya miaka ya tisini. Tulikaa Columbia Heights, ghorofa ya pili, katika nyumba ya matofali ambayo hita yake iligonga ukutani kana kwamba kuna mtu ndani anayetaka kutoka. Jikoni kulikuwa na meza tuliyoiokota karibu na jaa, mguu mmoja mfupi, na dirisha lililotazama kituo cha basi. Hapo ndipo tulipoishi. Vyumba vilikuwa vya kulalia tu. Zuhura alikuwa Mtanga, mwembamba, mwenye mwendo wa mtu anayechelewa hata anapokwenda msalani. Kiarabu alikuwa amekisomea Khartoum, na sasa alikuwa chuo kikuu akisomea riwaya za Kiarabu zilizoandikwa na wanawake kuhusu wanawake. Mimi nilisomea unesi katika chuo kidogo, na asubuhi nilifanya kazi katika nyumba ya wazee kule Fridley. Nikirudi mchana, miguu imenivimba, nilimkuta mezani amevaa koti ndani ya nyumba, kamusi tatu mbele yake na chai iliyopoa.

Alitaka kitu kimoja, na alikisema bila haya. Alitaka kuitafsiri riwaya moja kati ya zile kwa Kiswahili, aiambatishe kwenye tasnifu yake, kisha aipeleke Dar es Salaam ichapishwe, na kwenye jalada, chini ya jina la mwandishi, yaandikwe maneno haya: kimetafsiriwa na Zuhura Mbwana. Profesa wake alikubali shingo upande. Kulikuwa na mchapishaji aliyemwambia alete kazi ikikamilika. Alihitaji sikio tu, na sikio likawa mimi. "Wewe ndiye mwanamke wangu wa Tanga," aliniambia. Nikamkumbusha kwamba mimi ni Mtaita wa Changamwe na siku za Jumapili naimba kwaya. "Bora zaidi," akasema. "Ukielewa wewe, Tanga nzima itaelewa."

Basi kila alasiri, theluji ikianguka na giza likiingia saa kumi na moja kama limeitwa, nilimenya viazi naye akanisomea. Riwaya yenyewe ilikuwa ya mwanamke aliyeolewa katika nyumba ya mfanyabiashara wa vitambaa. Katika nyumba ile hakuna anayemtaja jina. Mama mkwe anamwita "we", watoto wanamwita mama, majirani wanamwita mama wa fulani, na mume akiwa mbele za wanaume wenzake anasema hurma wangu. Mwanamke haongei karibu kitabu kizima. Kinywa kimefungwa, lakini kichwa kinasema ukurasa baada ya ukurasa, na hicho kichwa ndicho riwaya. Kila alfajiri anapokanda unga wa mkate huinama na kulinong'oneza jina lake ndani ya donge, kisha huoka, na nyumba nzima hula jina lake bila kujua. Msomaji halisikii. Nilimuuliza Zuhura jina lenyewe ni nani, akaniambia hata yeye hajui, mwandishi kalificha. Nikamwambia huyo mwandishi ana roho mbaya. Akacheka akasema ndiyo maana anampenda.

Kosa lilitokea kwenye sura ya tatu. Mume ana wageni barazani, anamwambia mtumishi aende ndani kupeleka ujumbe. Zuhura akasoma: "Mwambie huruma yangu alete chai." Niliacha kumenya. Nikamwambia nimeipenda hiyo, mwanamume anayemwita mkewe huruma yake, hata mimi ningemletea chai, tena na kaimati juu. Zuhura akatazama karatasi. Alikuwa amekusudia kuliacha neno hurma kama lilivyo mpaka apate la Kiswahili, lakini mkono wake wa Kitanga ukaliongezea irabu bila kumuuliza. Tulicheka mpaka jirani wa chini akagonga dari yake. Kisha yeye akaacha kucheka mimi nikiwa bado naendelea. "Unaona hatari yake?" akasema. "Irabu moja tu, na umeshampenda." Akanieleza kwamba lile neno la Kiarabu lina haramu ndani yake na lina heshima pia, kitu kisichoguswa, mwanamke wa mtu. Mlango na kufuli vimo katika neno moja, akasema, na yeye kwa kuteleza ameliwekea pambo.

Kutoka siku hiyo neno lile likawa mwiba. Akijaribu mke, anasema limekuwa jembamba. Mwanamke, limekuwa huru mno. Nikampa ahali, kwa kuwa nililisikia kwa wazee wa Mombasa wanaotaka kusema mke bila kusema mke. Akalizungusha mdomoni. "Ahali ni adabu tupu," akasema. "Ukisema ahali hakuna anayesikia kwamba pana mtu amefichwa." Akaliacha wazi. Kwenye karatasi aliweka nafasi tupu, na aliponisomea, kila alipofika hapo aligonga meza kwa kifundo cha kidole. Mwambie, ngo, alete chai. Nilizoea kule kugonga kiasi kwamba mpaka leo mtu akigonga meza namuona mwanamke amebeba trei.

Asidhani mtu kwamba Zuhura aliziabudu riwaya zile. Aliwaheshimu sana waandishi wake. Alisema wamethubutu kuandika yaliyosemwa jikoni tu, na wengine wamelipa kwa hilo. Lakini alikuwa na ugomvi nao, na ugomvi huo ndio uliokuwa tasnifu yake. Siku moja aliingia akiwa na theluji kwenye nyusi, akakaa bila kuvua viatu, akaniuliza kama nimegundua kwamba wanawake wa vitabu vile hawali. Wanapika, wanaandaa, wanatazama dirishani, wanapewa talaka, wanaingiwa na wazimu, wanajitupa mtoni, lakini hakuna anayekaa akala akashiba. Nikamwambia mla ni mla leo, hao wa kwenye vitabu wana shida zao. Hakucheka. Alisema mwandishi anayetaka kuonyesha kwamba mwanamke ameonewa humnyima kila kitu, hata tonge, mpaka anakuwa mzigo wa mateso badala ya mtu. Mwisho wake unajulikana: ama afe, ama arukwe na akili, ama afungue mlango aondoke. "Yuko wapi aliyebaki akaishi?" aliuliza. "Shangazi yangu kabaki kaishi. Bibi yangu pia. Hao nani atawaandika?"

Darasani ilikuwa mbaya zaidi, kwa jinsi alivyonisimulia. Profesa, mama wa Kimarekani mwenye moyo mwema na hereni kubwa, aliuliza mlango uliofungwa unaashiria nini, na msichana mmoja akajibu kwamba mwanamke huyu ni wanawake wote wa kule. Aliposema kule aligeuka akamtazama Zuhura. Zuhura akasema mwanamke huyu ni mmoja, yupo kwenye kitabu, na mlinzi wa mlango wake si mume bali ni mama mkwe, mwanamke mwenzake, ambaye mwandishi kamchora kwa ustadi kuliko mume mwenyewe. Wanaume wa riwaya hizi, akawaambia, hawajui hata ufunguo unatundikwa wapi. Darasa likamshukuru kwa kuchangia uzoefu wake. "Uzoefu wangu!" aliniambia, akivuta mtandio begani. "Wakesho, wameona huu mtandio, wakadhani wameshanisoma."

Mlinzi wake mwenyewe alikuwa kwenye simu. Shangazi yake wa Tanga ndiye aliyemlea, na kila baada ya muda Zuhura alinunua kadi ya simu, akakwangua namba, akakaa sakafuni chini ya simu ya ukutani. Mimi nilikuwa nikiosha vyombo, sikuwa na pa kwenda, nikasikia. Shangazi hakuwahi kumwambia olewa. Angemwambia hivyo, Zuhura angepigana, maana kupigana alikujua. Shangazi alisema amezeeka. Alisema anamuombea kila alfajiri. Alisema hataki kitu ila amuone yuko kwenye stara kabla hajafumba macho. Zuhura alijibu inshallah, inshallah shangazi, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo mahali pengine. Akiweka simu alikuwa anakaa hapo hapo chini, mgongo ukutani, mpaka maji yangu yakapoa.

Injinia aliletwa na Bi Saumu. Alikuwa kijana wa Pemba, ana kazi ofisini kule Plymouth, ana gari, na hakuja mikono mitupu hata siku moja. Alituletea kuku wa kuchinjwa kwa bismillahi, akatutengenezea ule mguu mfupi wa meza. Alimwita Zuhura dada Zuhura, na alilitamka jina lile taratibu, herufi zote. Aliuliza habari za tafsiri na akasikiliza majibu. Nilimpenda. Nasema hivi kwa sababu ingekuwa rahisi kwangu leo kumfanya mume wa kwenye riwaya, mwenye sharubu na fimbo, na Zuhura angenisuta kaburini. Hakuwa hivyo. Alikuwa mtu mzuri, na mtu mzuri ni mgumu kumkimbia.

Zuhura aliniambia amekubali posa ya Injinia siku moja ya Machi, tukiwa tumesimama kituoni kusubiri basi, barafu imekuwa matope. Nilimuuliza, na kitabu je? Akasema atamaliza kabla, sura zimebaki chache, na Injinia hana neno. Nilikuwa na ulimi mkali wakati huo, nikamwambia mwanamke wako wa kwenye kitabu naye alidhani hivyo hivyo. "Yule hakuulizwa," akasema. "Mimi nimeulizwa." Basi likaja, tukapanda.

Ili kuipata sawasawa sura ya kukanda, alikuwa amezoea kukanda mwenyewe. Alisema hawezi kuandika mkono ulipo bila mkono kuwepo. Kila Jumamosi alikanda unga wa chapati kwenye ile meza, akainama, akanong'ona ndani ya donge. Mwanzoni ilikuwa mzaha wetu. Nikitia tonge la kwanza mdomoni ananiuliza chumvi imekolea, nikimjibu imekolea anasema, "Basi leo umemla Zuhura." Baada ya posa hakuuliza tena habari ya chumvi, lakini kunong'ona hakuacha. Nilimuona nikiwa natoka bafuni, amefumba macho, midomo inatembea, unga mpaka kwenye viwiko. Sikumwambia kwamba nimemuona.

Nikaha ilifungwa sebuleni kwetu, wanaume wakiwa wameketi kwenye mkeka, sisi tumejazana jikoni na chumbani na sufuria za Bi Saumu. Zuhura alipendeza, sina la kuongeza. Baada ya pilau Injinia alipigiwa simu na kaka yake aliyekuwa Maskati. Simu ilikuwa jikoni, kwa hiyo akaingia kwa aibu katikati ya wanawake, akazungumza amegeukia ukuta. Akapokea pongezi, akaeleza habari za baridi. Kisha nikasikia akijibu swali kuhusu mkewe: "Wazima, alhamdulillahi. Jamaa zangu wako hapa, wanakusalimu." Asubuhi ya siku ile ile alikuwa dada Zuhura. Ilikuwa adabu, najua. Mwanamume mstaarabu hamtaji mkewe ovyo mbele ya mwanamume mwingine. Baba zake walifanya hivyo na hakuna aliyekusudia ubaya. Nilimtafuta Zuhura kwa macho. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha siku zote, mikono ina hina, ametazama meza. Akainua kifundo cha kidole, akagonga mara moja. Bi Saumu akadhani anataka maji, akampa.

Kiangazi Injinia akapata kazi Maskati kupitia kwa huyo kaka, kazi kubwa, huwezi kuikataa. Tasnifu iliahirishwa. Sura ya mwisho ilikuwa bado. Uwanja wa ndege nilimuuliza tena, naye akasema atamalizia huko, kule Kiarabu kiko mlangoni, itakuwa rahisi zaidi. Nikamwomba basi anihadithie angalau mwisho wake, maana mwaka mzima nimemenya viazi kwa ajili ya mwanamke huyu. Akanihadithia tukiwa tumesimama na masanduku. Alfajiri moja mwanamke anainama juu ya unga kama kawaida, anafungua mdomo, na jina halipo. Limemtoka. Anasimama, mikono ndani ya donge, anangoja, jua linachomoza, nyumba inaamka na kudai mkate. Basi, kitabu kinaishia hapo. Nikasema ni mwisho mbaya kabisa. "Ni mbaya," Zuhura akasema, "na sijui namna ya kuuandika kwa Kiswahili bila kumuua." Akanikumbatia, akafuata sanduku lake.

Barua zilikuja, zikapungua, zikaisha. Asiyekuwepo na lake halipo. Nikaolewa, nikazaa, nikawa nesi kamili, nikahamia Fridley karibu na kazini. Wanangu nawaambia jambo kwa Kiswahili wakanijibu kwa Kiingereza, nami nimeacha kugombana nao. Kitabu cha mwanamke wa unga sijakiona kwa Kiswahili popote, na kila nilipokwenda nyumbani nilitazama madukani. Nadhani sehemu yangu iliendelea kuamini kwamba siku moja nitaliona jalada. Tangazo la Jumapili ndilo lililoniambia kwamba halitakuwepo, na hata hilo lilinichukua siku kadhaa kulielewa. Ahali yake. Kati ya maneno yote, akapewa lile alilolikataa mezani kwangu.

Bi Saumu alinipa namba, nikapiga Maskati asubuhi yangu, jioni yao. Injinia hakuweza kuzungumza. Nilimsikia kwa mbali akilia kama watu wazima wanavyolia, na nikamsamehe yote ambayo hakujua kwamba nimemshikia. Aliyezungumza ni binti, Ilham, Kiswahili chake kina Kiarabu kwenye kingo lakini kizuri. Nikamwambia mimi ni Wakesho, nilikaa na mama yake Amerika. Hakuwa amesikia habari zangu, lakini akaniita khalati, mama mdogo. Alisema mama hakuwa msemaji. Ilinichoma hiyo, kwamba Zuhura yule aliitwa mtu asiyesema. Akanieleza ugonjwa: ulianza kwa kusahau vitu vidogo, kisha njia, kisha watu. Kazi yangu imenifundisha ugonjwa huo, sikutaka maelezo. Nikamuuliza kama mama alikuwa akiandika. Hapana, akasema, hakumuona akiandika. Alikuwa akipika sana. Kisha akasema, bila mimi kuuliza, kwamba mama alikuwa na tabia moja wao walioizoea.

"Akikanda unga alikuwa akinong'ona," akasema. "Kila siku, tangu mimi mdogo. Tulidhani anasoma dua ya baraka, hatukumuuliza. Mwisho mwisho alikuwa anasimama tu pale, mikono imo, mdomo wazi, hasemi. Nikimshika bega ananitazama, anataka nimsaidie. Mimi hiyo dua siijui, khalati. Ningeijua ningemsomea."

"Haikuwa dua," nikamwambia. "Lilikuwa jina lake."

Mtoto hamwiti mama yake kwa jina, kwetu wala kwao, na sidhani kama kinywa chake kiliwahi kulitamka. Kisha nikamsikia akilijaribu, kwa sauti ya chini, mdomo mbali kidogo na simu, kama anamwita mtu aliye jikoni.

"Zuhura," akasema. Akangoja.